NGUMI YA KUANGUSHA: NI BAHATI AU NI UFUNDI?



Muhula huu niliulizwa swali moja na wanafunzi wa mabweni, nami niliahidi kulijibu katika kurasa hizi ili na wazazi wapate kulisoma. Swali lenyewe ni hili: mpiganaji wa ndondi anapompiga mwenzake ngumi moja, na yule mwenzake akaanguka asiinuke, je, ile ngumi ni bahati tu au ni ufundi?

Swali hili lilianzia bwaloni usiku wa Jumamosi. Wanafunzi walikuwa wakitazama katika televisheni pambano la zamani la Hassan Mwakinyo, kijana wa Tanga, alilopigana na Mwingereza Sam Eggington mjini Birmingham tarehe 8 Septemba 2018. Wengi wenu mwalijua pambano hilo. Mtanzania hakutegemewa kushinda, tena alipigana ugenini mbele ya watu wa yule mwenyeji. Hata hivyo katika raundi ya pili mwamuzi alisimamisha pambano, Mwingereza akiwa hawezi tena kujikinga. Kundi moja la wanafunzi likasema, "Bahati tu hiyo! Yule Mzungu alizubaa." Kundi la pili likajibu, "Huo ni ufundi, hamjui ngumi ninyi." Wakabishana hata kengele ya kulala ikalia.

Wakaja kwangu kwa sababu mbili. Ya kwanza, mimi hufundisha fizikia. Ya pili, pua yangu imepinda kidogo, nao wameambiwa kwamba zamani niliwahi kuvaa glavu. Yote mawili ni kweli.

Ningaliweza kuwajibu kwa maneno mawili na kwenda zangu. Lakini juma lililofuata, wavulana wawili wa Kidato cha Pili walijifunga taulo mikononi wakaanza kuchezeana masumbwi baina ya vitanda, wenzao wakiwashangilia. Mmoja alipigwa kidevuni, akaanguka kama mti uliokatwa, na kisogo chake kikakosa pembe ya kitanda cha chuma kwa upana wa kiganja. Alilala pale kimya. Mwalimu wa zamu alipofika, mtoto alikuwa amefumbua macho lakini hakujua ni siku gani. Alipelekwa hospitali, akalazwa usiku mmoja, akarudi mzima. Yule aliyempiga alinifuata ofisini huku akilia, akasema, "Mwalimu, sikukusudia. Imetokea kwa bahati mbaya tu, sivyo?"

Hapo niliona kuwa swali la bwaloni si la mchezo tena. Basi tulijibu taratibu, kama tunavyofanya darasani.

1. Nokauti ni nini?

Katika ndondi, bondia akiangushwa mwamuzi humhesabia mpaka kumi. Ikiwa hesabu imekwisha naye hajasimama tayari kuendelea, amepigwa nokauti. Iko na aina ya pili: mwamuzi huona mmoja hawezi tena kujikinga, naye husimamisha pambano hata kama aliyepigwa bado yu wima. Hiyo huitwa nokauti ya kiufundi, nayo ndiyo iliyompata Eggington.

Watu wengi hudhani kwamba mtu huanguka kwa ajili ya maumivu. Sivyo. Ubongo wa mtu mzima wapata uzito wa kilo 1.4 hivi, nao umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Mmepata kusafiri kwa basi mkiwa mmesimama? Dereva akikata kona ghafula, basi hugeuka, lakini mwili wako hutaka kuendelea kule ulikokuwa ukienda. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya Newton, mnayoikariri kila mwaka. Basi kichwa kikizungushwa ghafula, fuvu hutangulia na ubongo hubaki nyuma kidogo. Nyuzi nyembamba zilizo ndani yake huvutika na kupindika, na kwa muda mfupi habari hazipiti sawasawa. Miguu hukosa amri, macho hufunga, na mtu huanguka. Mara nyingi aliyeanguka hakumbuki kuwa amepigwa.

Sasa angalieni kwa nini mabondia hutafuta kidevu. Sukuma mlango wa darasa ukiweka kidole karibu na bawaba, utatoa jasho. Usukume pale penye kitasa. Utafunguka kwa kidole kimoja. Nguvu ni ile ile, ila umbali kutoka kwenye bawaba umeongezeka. Kichwa ni mlango, shingo ni bawaba, na kidevu ndicho kitasa. Ngumi ya paji la uso yaweza kuumiza mkono wa mpigaji kuliko kichwa cha mpigwaji, lakini ngumi ndogo ya pembeni mwa kidevu huzungusha kichwa chote.

Ziko pia ngumi za mwilini. Iliyo mbaya kuliko zote ni ile ya ini, upande wa kulia chini ya mbavu. Aliyepigwa hapo akili yake ni timamu, asikia hesabu yote toka moja hata kumi, lakini mwili wamkatalia.

Hivyo basi jambo la kwanza tumelipata: nokauti haiji bila sababu. Yataka mahali maalumu, upande maalumu na kasi maalumu. Na mahali penyewe ni padogo, tena panacheza huku na huku. Aliyepata kulenga ndege kwa manati ajua ugumu wake.

2. Nguvu ya ngumi hutoka wapi?

Wanafunzi wengi hunyosha mikono yao na kukaza misuli wakidhani humo ndimo ilimo ngumi. Mwalimu wa ndondi humwanzisha mwanafunzi wake miguuni. Ngumi nzuri huanza ardhini: mguu wa nyuma husukuma chini, goti hufuata, kiuno huzunguka, bega hupelekwa mbele, na mkono huwa wa mwisho kabisa. Mpiga ngumi kwa mkono peke yake ni sawa na mtu apasuaye kuni akiwa ameketi. Mpasuaji ajuaye kazi husimama, akatuliza miguu, akalitupa shoka kwa mwili wake mzima, na gogo hugawanyika bila yeye kutumia nguvu nyingi.

Ndiyo maana twaona wanaume wenye vifua vipana ambao hawaangushi mtu, na vijana wembamba ambao ngumi zao zaogopwa. Mpangilio huu wa miguu, kiuno na bega haujii mtu kwa kuzaliwa nao tu. Wengine huzaliwa na wepesi kuliko wengine, hilo sikatai. Lakini hata wao huurudia mpangilio huo maelfu ya mara mbele ya kioo na mbele ya mfuko wa mchanga, mpaka mwili uufanye wenyewe bila kuamriwa.

3. Wakati ni nusu ya ngumi

Chukueni rula ya sentimita 30. Mwenzako aishike kwa juu, wewe weka vidole viwili chini yake bila kuigusa. Aiachie bila kukuonya, nawe uidake. Wengi wenu mtaidaka ikiwa imekwisha kushuka sentimita 20 hivi. Tumieni kanuni tuliyojifunza: umbali ni nusu ya mvuto mara wakati mara wakati. Mtapata kwamba kuona na kutenda kumewachukua kama sehemu ya tano ya sekunde.

Ngumi ya moja kwa moja ya bondia mwepesi hufika kwa muda mfupi kuliko huo. Maana yake ni kwamba anayeingoja ngumi aione ndipo aikwepe, amekwisha pigwa. Bondia ajuaye haangalii glavu. Huangalia bega, kiuno na unyayo wa mpinzani, kwa kuwa hivyo hutangulia kusema kabla ya mkono. Naye mpinzani mwerevu huvitumia hivyo hivyo kumdanganya: hutikisa bega la kushoto, na ngumi ikaja ya kulia. Wazee wa mchezo huu husema kuwa ngumi iangushayo ni ile usiyoiona. Ni kweli, maana mtu akiiona ngumi hukaza shingo na kichwa chake hakizunguki sana. Asipoiona, shingo imelegea na mlango u wazi.

Tufanye na hesabu kidogo. Tuchukue mfano wa ngumi iendayo mita 8 kwa sekunde. Kichwa kikirudi nyuma kwa mita 2 kwa sekunde, kasi ya kukutana kwao ni 6. Kichwa kikija mbele kwa mita 2, kasi ni 10. Ninyi mwajua kuwa nishati hufuata kasi mara kasi: 6 mara 6 ni 36, na 10 mara 10 ni 100. Mkono ni ule ule, mtu ni yule yule, lakini nishati ya kugongana imekaribia kuzidi mara tatu! Kwa sababu hii fundi humngoja mwenzake aingie mwenyewe, ndipo aachie. Watazamaji husema, "Amejigonga!" Naam, amejigonga, lakini ni nani aliyemvuta mpaka pale?

4. Hesabu ya bahati

Sasa natusiwadhulumu wale waliosema bahati. Bahati ipo. Katika hesabu twaiita uwezekano.

Tuchukue mfano wa kubuni. Asiyejua ndondi, kila anapopata nafasi ya kurusha ngumi, ana uwezekano wa 1 katika 100 wa kumwangusha mwenzake. Fundi ana uwezekano wa 1 katika 20. Kila mmoja apewe nafasi 30. Mkipiga hesabu mtaona kwamba asiyejua ataangusha katika mapambano kama 26 kati ya 100, na fundi katika mapambano kama 79 kati ya 100.

Yatazameni majibu haya pande zote mbili. Yule asiyejua hakupata sifuri. Siku moja kati ya nne hivi atashinda, atabebwa mabegani, ataitwa simba. Na yule fundi hakupata 100. Siku moja kati ya tano hivi hataangusha mtu, na mashabiki wake watasema amerogwa. Kwa hiyo mwenye kutazama pambano moja tu hawezi kujua ameona bahati au ufundi. Sharti atazame mapambano mengi.

Tena fundi hafanyi kazi moja, hufanya mbili. Huongeza nafasi zake, na hupunguza za mwenzake kwa kuinamisha kidevu, kuinua mikono na kutokaa mahali pamoja. Ufundi haufukuzi bahati ulingoni. Huipangia mahali pa kukaa.

5. Mashahidi

Turudi kwa Mwakinyo. Kama Birmingham ingalikuwa bahati peke yake, tungalitazamia isirudi. Lakini Machi 2019 mjini Nairobi alimsimamisha Sergio González wa Argentina raundi ya tano. Septemba 2021 mjini Dar es Salaam alimsimamisha Julius Indongo wa Namibia, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, raundi ya nne. Jambo linalorudi si bahati. Lakini tuseme yote: Septemba 2022 mjini Liverpool alipigana na Liam Smith, na pambano likaisha raundi ya nne yeye akiwa ameshindwa. Ufundi nao una siku zake mbaya.

Shahidi wa pili ni John Mugabi wa Uganda, mshindi wa medali ya fedha katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Alipoingia ndondi za kulipwa, mapambano yake zaidi ya 20 ya kwanza aliyashinda yote kwa nokauti, bila hata moja kufika mwisho. Mtu akirusha sarafu mara 20, uwezekano wa kupata upande ule ule alioutaja mara zote ni 1 katika 1,048,576. Nani atasema hapo ni bahati? Lakini Machi 1986 Mugabi alikutana na Marvin Hagler mjini Las Vegas, naye Hagler akamwangusha raundi ya 11. Julai 1989 huko Ufaransa, Mugabi alipata ubingwa wa dunia katika raundi ya kwanza kwa kuwa mpinzani wake, René Jacquot, aliteguka kifundo cha mguu. Hiyo twaweza kuiita bahati. Haukupita mwaka: Machi 1990 Terry Norris alimpiga nokauti katika raundi ya kwanza, ubingwa ukaondoka. Wazee walisema, bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Naongeza: hata ya kwako mwenyewe.

Shahidi wa tatu ni pambano la Kinshasa la tarehe 30 Oktoba 1974, baina ya Muhammad Ali na George Foreman. Foreman alikuwa na miaka 25, hajapata kushindwa katika mapambano 40, na 37 kati ya hayo aliyamaliza kwa nokauti. Ali alikuwa na miaka 32. Ali aliegemea kamba raundi baada ya raundi, akajikinga, akamwacha Foreman amimine nguvu zake katika mikono na mbavu. Katika raundi ya nane, Foreman alipokuwa amechoka na mikono yake imeshuka, Ali alitoka kambani na ngumi chache za haraka, na bingwa akaanguka. Aliyewasha televisheni dakika ile angaliona ngumi moja. Kumbe ile ngumi ilikuwa ikitengenezwa kwa raundi saba.

6. Yaliyonipata mimi

Nimewataja wakubwa, sasa niseme habari yangu, ingawa haina sifa.

Nilipokuwa mwanafunzi, mkoa mwingine, palikuwa na mashindano ya ndondi baina ya mabweni. Mimi sikujua lolote, ila nilikuwa mrefu. Nilipangiwa na kijana aliyefanya mazoezi mwaka mzima. Raundi ya kwanza alinipiga nilivyostahili. Katika raundi ya pili nilifumba macho, nasema kweli, nikaurusha mkono wa kulia nisijue waenda wapi. Niliposikia kelele nilifumbua macho, nikamwona yu chini. Nilibebwa mpaka bwenini. Kwa muda wa majuma matatu nilitembea kama mwenye shule.

Sikufanya mazoezi hata siku moja. Nilijiambia kuwa nina mkono wa ajabu. Tulipokutana tena na kijana yule, nilifumba macho na kuurusha mkono ule ule. Sikusikia kelele zo zote. Jambo nililokumbuka baadaye ni maji baridi usoni na mwalimu akiniuliza jina langu. Pua yangu ni ukumbusho wa siku hiyo. Lakini pua si kitu. Kwa siku nyingi kichwa kiliniuma nisomapo, mistari ilicheza kitabuni, na mambo niliyoyajua niliyasahau. Nilimficha mwalimu, nikamficha na mama yangu. Mtihani wa muhula ule nilishuka vibaya, nami nikasingizia maswali magumu.

Ngumi yangu ya kwanza ilikuwa bahati, na ya mwenzangu ilikuwa ufundi. Hata hivyo vichwa vyote viwili vilipigwa sawasawa. Hilo ndilo nililotaka mlishike kuliko mengine: ubongo hauulizi kama ngumi iliyougonga ilikusudiwa au haikukusudiwa, kama ni ya bingwa au ya mtoto mwenye taulo.

7. Bei yake

Jirani zetu Wakenya wana bingwa ambaye jina lake halitasahauliwa, Robert Wangila. Mwaka 1988 huko Seoul alimpiga nokauti Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili ya fainali, akawa Mkenya wa kwanza, na mpaka leo wa pekee, kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki kwa ndondi. Kama kuna mtu aliyeujua ufundi wa ngumi ya kuangusha, ni yeye. Tarehe 22 Julai 1994 mjini Las Vegas alipigana na David Gonzalez, na mwamuzi akalisimamisha pambano raundi ya tisa. Baadaye alizimia, na siku mbili baada ya pambano akafariki. Alikuwa na miaka 26.

Palikuwa na mwamuzi, daktari, glavu na ulingo, na mtu mwenyewe alikuwa bingwa wa Olimpiki. Haikutosha. Sasa pimeni: baina ya vitanda, juu ya sakafu ya saruji, pana nini?

Sisemi ndondi zikomeshwe. Ni mchezo wa heshima, nao umeiletea nchi yetu sifa: Michael Yombayomba alitupatia dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Kuala Lumpur mwaka 1998. Mwenye kuutaka aende kwa mwalimu, ajifunze kujikinga kabla ya kupiga, na apimwe na daktari. Wala asisahau kuwa ndondi za pointi nazo ni ndondi. Kupiga bila kupigwa ndio ufundi wa juu. Na glavu isiwadanganye: yakinga zaidi mkono wa mpigaji kuliko ubongo wa mpigwaji.

Wazazi nanyi nawaombeni jambo. Mtoto akipigwa au akianguka kichwa, akawa anatapika, anasinzia kuliko kawaida, anachanganya maneno au hakumbuki lililotokea, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi. Asirudi mchezoni mpaka apone kabisa, kwa maana kipigo cha pili kabla ya kupona ni kibaya kuliko cha kwanza. Hata bondia aliyepigwa nokauti huzuiwa kupigana kwa muda, kwa kawaida si chini ya siku 30. Wala asionewe haya kwa kusema kichwa chamuuma. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kuliniponza.

8. Jibu

Kwenu mliobishana bwaloni, jibu langu ni hili. Hapa kwetu Singida twajua habari ya mvua. Huja msimu mmoja, nayo haina mkataba na mtu. Mwaka ikichelewa, mkulima hodari hupata kidogo. Mwaka ikiwa njema, hata mvivu huona alizeti imeota penye magugu. Mtu akipita mwaka mmoja tu aweza kusema kilimo ni bahati. Akikaa miaka kumi, atajua shamba la nani lilimwalo mapema. Ngumi moja ni mvua ya siku moja. Bondia ni mkulima wa miaka kumi. Basi ngumi moja yaweza kuwa bahati. Bondia wa nokauti hawi kwa bahati. Ndivyo na mitihani: swali moja laweza kukuangukia, cheti kizima hakikuangukii.

Na kwako, kijana uliyekuja ofisini ukilia, jina lako silitaji, nawe wajijua. Uliniuliza kama ilikuwa bahati mbaya. Hapana, mwanangu. Ulilenga kidevu, kwa maana hapo ndipo kila mtu hulenga. Mwenzako alikuwa akikujia, naye hakuiona ngumi. Sababu zote tatu zilikuwapo, na sababu zikikutana, matokeo hayangoji ruhusa ya nia yako. Kuanguka kwake hakukuwa bahati. Kilichokuwa bahati ni kwamba aliamka.

Nimefurahi kuwaona mkikaa dawati moja tangu siku ile. Jioni njooni maabara na rula, tuupime wakati wenu.

Maswali ya kujipima

1. Rula imedakwa ikiwa imeshuka sentimita 5. Mdakaji ametumia muda gani? (Tumia mvuto wa 10.)
2. Eleza kwa mfano wa mlango kwa nini ngumi ya kidevu huzungusha kichwa kuliko ya paji la uso.
3. Mpigaji ana uwezekano wa 1 katika 10 kwa kila nafasi. Akipewa nafasi 5, uwezekano wa kuangusha angalau mara moja ni kiasi gani?
4. Taja dalili nne za mtu aliyeumia kichwa, na ueleze utafanya nini ukiwa wewe ndiwe kiranja wa bweni.

Majibu ya swali la 1 na la 3 yaletwe kwangu. La 4 lijibiwe bwenini, tena kabla haijahitajika.